Jipu la nyuma ya koo: maana yake na matibabu yake

Jipu la nyuma ya koo ni usaha uliojikusanya katika nafasi nyembamba iliyo kati ya ukuta wa koromeo na pingili za shingo. Jipu la mguuni huiva, likatoa mdomo na kutumbuka nje. Hili limejificha, na nafasi lilimokaa huteremka hadi kifuani, hivyo usaha unaweza kushuka ukakaribia moyo, au jipu likapasukia kooni na usaha ukaingia mapafuni.

Hupata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, kwa kuwa katika umri huo nyuma ya koromeo mna vitezi vinavyopokea uchafu wa pua na koo, ambavyo mafua au tonsili za kawaida huweza kuvivimbisha hadi vikatunga usaha. Mtoto akikua, vitezi hivyo hunywea. Kwa mtu mzima, chanzo mara nyingi ni mwiba wa samaki uliochoma koo, au kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mtoto huwa na homa, mate humchuruzika kwa sababu kumeza kunamuuma, na sauti yake huwa kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Ukimwita kutoka ubavuni, hageuzi shingo: hugeuza macho, au mwili mzima. Ukakamavu huo ndio unaofanya wengi, hata wauguzi, wadhani ni homa ya uti wa mgongo. Akianza kukoroma ilhali yu macho, njia ya hewa imebanwa, naye apelekwe hospitali saa hiyohiyo, bila kushindiliwa kijiko kooni ili atazamwe.

Huko, jambo la kwanza ni kulinda pumzi. Eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu huonyesha uvimbe: nyama iliyo mbele ya pingili ya pili ikizidi milimita 7, kuna shaka. Antibiotiki hupitishwa kwenye mshipa, kwa mfano seftriaksoni pamoja na metronidazo, na jipu dogo huweza kunywea kwa dawa pekee, mgonjwa akiangaliwa kwa karibu kwa siku moja au mbili. Likiwa kubwa, daktari humlaza kwa dawa ya usingizi, kichwa kikiwa chini kuliko kifua ili usaha usiingie mapafuni, kisha hulipasua kupitia mdomoni na kuufyonza. Lile la kifua kikuu kwa kawaida hufunguliwa kupitia shingoni, na mgonjwa humeza dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 au zaidi.