Robo mwaka ya Zanzibar: tunayoyasema barazani na yaliyomo kwenye hesabu

Kila zinapotoka takwimu za miezi mitatu za mapato na matumizi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), baraza letu hugawika pande mbili kabla kahawa haijapoa. Wa huku: "Pesa zipo, wanakula." Wa kule: "Mapato yamepaa, tushakuwa Dubai." Mimi nimekula mkate wa uhasibu miaka mingi. Ubishi haunichoshi, ndiyo raha ya baraza. Kinachonichosha ni kuona pande zote mbili zimeishika karatasi kichwa chini. Basi nimeona niyaandike yale ninayoyasikia mara kwa mara, na majibu yake.

"Robo ya mwaka ni robo ya pesa"

Hili ndilo kosa mama. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, ya mwisho ni Aprili hadi Juni. Mtu huchukua lengo la mwaka, akaligawa kwa nne, kisha akaanza kupongeza au kulaumu.

Lakini kisiwa hakipati pesa kwa mstari ulionyooka. Julai, Agosti na Septemba ni wakati wa kusi, jua kavu na upepo wa baridi, na Ulaya wako likizoni. Nungwi na Paje hupati chumba. Disemba hadi Februari, kaskazi inavuma na wageni wanakimbia theluji kwao. Inapofika Aprili na Mei, masika inapiga, hoteli nyingine zinafunga milango kabisa na kupaka rangi, wafanyakazi wanarudishwa nyumbani.

Chukua mfano wa hoteli moja ya pwani. Tuseme Agosti inalaza wageni 20 kila usiku kwa siku 30. Tozo ya miundombinu, ambayo zamani ilikuwa dola 1 kwa mgeni kwa usiku kisha ikapandishwa hadi dola 5, inaleta dola 3,000 kwa mwezi huo. Mei ikilaza wageni 6, inaleta dola 900. Hapo hakuna aliyekwepa kodi wala mkusanyaji aliyelala usingizi. Ni mvua tu. Ongeza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya vyumba, chakula na vinywaji, utaona kwa nini robo ya nne ikilinganishwa na ya kwanza huonekana kama nchi imefilisika.

Kwa hiyo robo hulinganishwa na robo mwenzake: Julai–Septemba ya mwaka huu na Julai–Septemba ya mwaka jana. Mvuvi halinganishi maji ya bamvua na maji mafu akasema bahari imepungua.

Na hapo bado kuna mtego. Sikukuu zetu zinafuata mwezi, bajeti inafuata jua. Idd el Fitri ya 2023 iliangukia 22 Aprili, ndani ya robo ya nne. Ya 2025 ikawa 31 Machi, ndani ya robo ya tatu. (Wapo walioswali siku moja kabla, hilo tuwaachie wenyewe, nao bado wako Machi.) Biashara ya soko la Darajani kabla ya Idd si mchezo: nguo, viatu, sukari, unga, makontena yanayoshushwa bandarini wiki kadhaa nyuma yake. Sehemu kubwa ya mzigo huo imehama kutoka robo moja kwenda nyingine bila sera yoyote kubadilika. Atakayelinganisha Aprili–Juni 2025 na Aprili–Juni 2023 bila kulikumbuka hili ataandika makala nzima kuhusu kuporomoka kwa biashara, na itakuwa makala ya uongo.

Kuna na ucheleweshaji wa kawaida. VAT ya mauzo ya mwezi mmoja hulipwa mwezi unaofuata, kwa hiyo sehemu ya jasho la Juni inaingia vitabuni Julai, tena katika mwaka mwingine wa fedha. Kodi ya mapato ya makampuni nayo hulipwa kwa awamu nne za makadirio. Kwa kampuni zinazofuata mwaka wa kalenda, awamu hizo zinaishia Machi, Juni, Septemba na Disemba, ndiyo maana miezi hiyo huwa mizito kuliko jirani zake. Tangazo la "Septemba tumevunja rekodi" nalisikiliza kwa utulivu.

"Mapato yamepanda, basi wageni wameongezeka"

Mara nyingi ni kweli. Mwaka 2020 korona ilitukata miguu, wageni wakashuka hadi kama 260,000 kutoka zaidi ya 538,000 mwaka mmoja nyuma. Kufikia 2023 walipita 638,000, na 2024 wakapita 730,000. Ukuaji upo, hauhitaji kutiwa chumvi.

Ila tazama na bei ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Karibu na Oktoba 2024 ilipita 2,700, kisha ikashuka kwa kasi hadi kama 2,400 Disemba. Tuseme makusanyo ya dola 100,000. Kwa 2,300 ni shilingi milioni 230. Kwa 2,700 ni milioni 270. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 17 na hajashuka hata mgeni mmoja wa ziada uwanja wa ndege wa Kisauni. Tena shilingi ilipoimarika, hesabu ikageuka upande wa pili, na wale waliosifiwa jana wakaulizwa leo wamefanya nini.

Tozo mpya nazo zichunguzwe. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi analipa dola 44 za bima ya lazima kwa Shirika la Bima la Zanzibar. Bima hiyo si kodi, ni mauzo ya shirika la umma, na haitakiwi kuchanganywa na makusanyo ya kodi hata kama inatoka mfuko uleule wa mgeni yuleyule.

"TRA ikikusanya, pesa zinavuka bahari kwenda Bara"

Hili lina moto, na moto wake ni wa kisiasa kuliko wa kihasibu.

Zanzibar ina wakusanyaji wawili. Mmoja ni wetu wenyewe: Bodi ya Mapato, ZRB, iliyogeuzwa kuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, mwaka 2022. Huyu anashughulika na VAT ya ndani, tozo za hoteli na mikahawa, ada za safari na nyinginezo. Wa pili ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ni ya Muungano, kwa sababu kodi ya mapato na ushuru wa forodha vimo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba ya 1977. Kwa hiyo kontena likishuka bandari ya Malindi, afisa wa forodha ni wa TRA.

Lakini anayekusanya si lazima awe mwenye pesa. Anayokusanya TRA ndani ya Zanzibar huingia katika hazina ya SMZ. Ukifungua mapitio ya uchumi ya Benki Kuu ya Tanzania, sehemu ya Zanzibar, utayakuta yamo ndani ya mapato yetu: kodi za bidhaa zinazoingia, kodi ya mapato, VAT na ushuru wa bidhaa wa ndani, kodi nyingine, na mapato yasiyo ya kodi. Hakuna safu ya "zilizovuka".

Malalamiko ya kweli yako mahali pengine, na ni halali kuyasema. Kuna wafanyakazi wa taasisi za Muungano wanaoishi na kufanya kazi huku. Kodi ya mishahara yao kwa miaka mingi imerejeshwa kwa SMZ kwa kiwango kimoja kisichobadilika, shilingi bilioni 21 kwa mwaka, yaani bilioni 1.75 kwa mwezi. Mishahara inapanda, watumishi wanaongezeka, kiwango kimekaa palepale. Kuna na bidhaa iliyolipiwa ushuru huku, ikifika Dar es Salaam ikathaminiwa upya na mwenye mzigo akadaiwa tofauti. Wafanyabiashara wa magari wanaujua uchungu huo kuliko mimi. Anayetaka kubishana ana haya ya kubishania.

"Zanzibar inapewa asilimia 4.5 ya kodi zote za Tanzania"

Hapana. Hii imesambaa mpaka kwa watu waliosoma. Asilimia 4.5 imetumika katika mgao wa misaada ya jumla ya kibajeti inayoingia Serikali ya Muungano, na katika gawio la faida ya Benki Kuu. Haigusi VAT ya Kariakoo wala kodi ya mapato ya migodi ya Geita. Zanzibar inaendesha shughuli zake kwa kodi zinazokusanywa Zanzibar. Katiba, ibara ya 133 na 134, inazungumzia akaunti ya fedha ya pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, na hesabu ya nani achangie nini kwa mambo ya Muungano imebaki kuwa mjadala wa miongo. Mtu anaweza kuiona 4.5 ni ndogo au kubwa kwa nchi iliyohesabu watu 1,889,773 katika sensa ya 2022. Kwanza ajue ni asilimia 4.5 ya kitu gani.

"VAT ni mzigo wa mwenye duka"

Ni wako wewe mnunuzi. Asilimia 15 (Bara kiwango cha kawaida ni 18) umeshailipa ulipotoa pesa. Mwenye duka ni mpitishaji tu. Usipodai risiti ya kielektroniki hukumsaidia, umempa kodi uliyokwisha kuilipa. Na wale wanaosema "kodi za Zanzibar hulipwa na watalii" wakumbuke kuwa tunakula na kuvaa vitu vilivyokuja kwa meli.

"Bajeti imeongezeka maradufu, basi pesa zimeongezeka maradufu"

Bajeti ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 2.84. Ya 2024/25 ikawa trilioni 5.18. Siku zile niliulizwa njiani: hizo nyingine zimetoka wapi? Swali zuri, ila jibu lililokuwa likizunguka, kwamba makusanyo ya kodi yamekuwa mara mbili, halikuwa na miguu. Ni nadra mno nchi kuongeza kodi maradufu ndani ya miezi 12. Bajeti ni makadirio ya kila kitakachoingia na kutoka, na ndani yake mna mikopo ya ndani, mikopo ya nje na misaada. Mkopo ukiingia si mapato ya kodi. Ni pesa ya mtu. Mwaka 2025 serikali iliuza Sukuk, hatifungani isiyo na riba, na walionunua wanasubiri malipo yao. Mikopo ya nje nayo hupitia Serikali ya Muungano, hatuwezi kwenda kukopa ng'ambo peke yetu.

Ndiyo maana katika taarifa ya robo mwaka mstari wa kwanza kuutazama ni mapato ya ndani, kisha sehemu yake inayotokana na kodi. Jumla kubwa ya juu iache kwa wanaopiga makofi.

"Robo hii kuna nakisi, pesa zimeliwa"

Zinaweza kuwa zimeliwa. Tuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wetu wenyewe, na ripoti zake hazichekeshi. Ila nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato, peke yake haithibitishi wizi, kama ziada isivyothibitisha uaminifu.

Tazama upande wa matumizi. Mapato yana kupwa na kujaa, mishahara haina. Mwalimu wa skuli ya Micheweni analipwa Mei sawa na Agosti. Pencheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi na baadaye kupandishwa hadi 50,000, haisubiri mgeni ashuke ndege. Hospitali inataka dawa mvua ikinyesha. Kwa hiyo robo ya masika matumizi ya kawaida yanabaki yaleyale na mapato yanapwaya, pengo linajitokeza, linazibwa kwa kukopa ndani ya nchi.

Matumizi ya maendeleo ndiyo yanayotikisa hesabu. Robo ya kwanza huwa madogo: zabuni inatangazwa, inafunguliwa, mtu anakata rufaa, mkataba unasainiwa, mkandarasi anadai malipo ya awali. Watu wanaona asilimia ndogo ya bajeti imetumika Septemba na kusema wizara imelala. Kisha vocha za malipo zinarundikana Mei na Juni, kila mtu anataka kumaliza fungu lake kabla mwaka haujafungwa, na watu walewale wanasema pesa zimemwagwa. Malipo ya Juni mengine hata si kazi ya Juni. Ni hati za kazi zilizokamilika miezi nyuma.

Kuna pia mkandarasi aliyemaliza kazi Machi na hajalipwa hadi Juni inaisha. Katika karatasi ya robo mwaka, inayohesabu fedha zilizotoka, kazi yake haionekani kabisa. Nakisi inaonekana ndogo, nzuri, ya kusifiwa. Mimi nikikutana na robo yenye nakisi nzuri kuliko kawaida, swali langu la kwanza huwa ni malimbikizo ya madeni ya ndani ni kiasi gani.