Je, wajua kwa nini kumfukuza mtu mjini kuliitwa kwa jina la kigae?

Chungu kikivunjika, vipande vyake tunaviita vigae. Wagiriki wa kale walikiita kigae ostrakon, neno ambalo pia lilitaja gamba gumu kama la chaza, na lenye undugu na neno lao la mfupa. Humo ndimo lilimotoka neno ostrakismos, yaani kumtoa mtu mjini kwa kura. Lugha nyingi za Ulaya zimelirithi, na leo zinalitumia kwa mtu yeyote aliyetengwa na wenzake, asiyesalimiwa wala kualikwa.

Kigae kiliingiaje kwenye siasa? Kwa sababu kilikuwa bure. Karatasi ya mafunjo ilitoka Misri, na haikuwa kitu cha kumgawia kila mpiga kura. Vigae vilizagaa kila mahali. Uliokota kimoja, ukatafuta kitu chenye ncha, ukakwaruza jina, basi.

Kila mwaka mkutano wa wananchi wa Athens uliulizwa: je, safari hii kuna haja ya kumtoa mtu? Wakikubali, siku ya kura ilipangwa, na wanaume wenye uraia wakaenda uwanja wa soko na vigae vyao. Wanawake na watumwa hawakuwa na kura. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi karne nyingi baadaye, anasema vigae visipofika 6,000 zoezi lote lilibatilika. Vikitimia, mwenye jina lililojirudia kuliko yote alipewa siku 10 za kuondoka, kisha akae nje miaka 10.

Hapakuwa na mashtaka wala utetezi. Hata hivyo aliyefukuzwa hakunyang'anywa mali wala uraia, na muda ukiisha alirudi nyumbani kama kawaida. Hili hunigusa sana, maana neno la leo limelipoteza kabisa: anayetengwa siku hizi hapewi tarehe ya kurudi. Waathene walitaka kumpunguza mtu nguvu kabla hajawatawala kimabavu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mtawala wao Hippias, waliyemtimua mwaka 510 KK, alirudi mwaka 490 KK akiandamana na jeshi la Waajemi hadi Marathon, karibu na Athens. Miaka mitatu baadaye, kura ya kwanza ya vigae ilimwangukia mtu wa jamaa yake, Hipparchos mwana wa Charmos.

Kura ya mwaka 482 KK ilimpata mwanasiasa Aristides, aliyejulikana kwa jina la Mwadilifu. Plutarch anasimulia kwamba siku hiyo mtu mmoja asiyejua kuandika alimpa Aristides kigae bila kumtambua, akamwomba amwandikie "Aristides". Aristides akamuuliza, amekukosea nini? Yule mtu akajibu kwamba hata hamjui, ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa Mwadilifu. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia. Waajemi walipovamia tena mwaka 480 KK, Athens ilimwita arudi kabla ya muda wake.

Maelfu ya vigae hivyo yamefukuliwa, vingi katika mtaa wa kale wa wafinyanzi, Kerameikos. Kimoja kinasema: "Kimon mwana wa Miltiades, mchukue Elpinike uende!" Kimon alikuwa jemadari wa Athens, na Elpinike dada yake. Katika kisima kimoja karibu na kilima cha Akropolis kulikutwa vigae 190 hivi vyenye jina la Themistocles, mwanasiasa mkubwa wa Athens, lakini mwandiko ni wa watu kama 14 tu. Inaelekea maadui zake walikaa wakaviandika mapema ili wavigawe. Themistocles naye alikuja kufukuzwa kweli, akafia ugenini, chini ya mfalme wa Uajemi.

Ujanja wa aina hiyo ndio uliomaliza desturi yenyewe. Mnamo mwaka 416 KK hivi, Alcibiades na Nicias, wanasiasa waliokuwa mahasimu wakubwa, waliona mmoja wao ataondoka. Wakaunganisha wafuasi wao kimyakimya, na vigae vikamwangukia mtu wa tatu, Hyperbolus. Watu walicheka kwanza, asema Plutarch, kisha wakakasirika: adhabu iliyowapata kina Aristides imeshushwa kwa mtu asiye na uzito wowote. Hawakupiga tena kura ya vigae.