Magurudumu na bampa za lori la M35A2: yanayoaminika na yalivyo kweli

Lori la jeshi la Marekani la M35, la tani mbili na nusu na ekseli tatu, lilianza kutengenezwa mwaka 1950, na toleo lake la A2 bado linapiga kazi mikononi mwa raia. Wengi wanaolinunua wamezoea malori ya kawaida, na hapo ndipo bolti zinapokatika, tairi zinaposagana na watu wanapoumia.

"Nati zimegoma kwa kutu, ongeza bomba kwenye spana"

Tazama kwanza uko upande gani. Bolti za magurudumu ya upande wa dereva, yaani kushoto, zina thredi za kinyume: unafungua kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Fundi asiyejua anazidi kukaza akidhani anafungua, mpaka bolti inakatika. Safisha ncha ya bolti kwa brashi ya waya utaona herufi, L au R. Amini herufi kuliko upande, maana hubu za lori la miaka mingi huenda zilishahamishwa.

"Ukikaza nati ya nje, ya ndani nayo imekaza"

Kosa hili ndilo linaloharibu rimu nyingi za nyuma. Ekseli za nyuma hubeba tairi mbili kila upande, na kila bolti ina nati mbili. Ya ndani ni ndefu kama kifuniko: thredi ndani, thredi nje, na kichwa cha pembe nne cha inchi 13/16. Hiyo ndiyo inayoshika gurudumu la ndani. Ya nje, ya pembe sita na inchi 1 na nusu, inafungwa juu ya ile ya kwanza na kushika gurudumu la nje.

Nati ya ndani ikilegea, ya nje haiwezi kuikaza hata ukiivuta kwa nguvu zote. Gurudumu la ndani huanza kucheza, matundu ya rimu yanakuwa mayai, na bolti zinafuata. Dalili ya mapema ni mistari ya vumbi jekundu la kutu inayotoka kwenye matundu kama miale.

Ili kuikagua, legeza nati tatu za nje, moja ndiyo moja siyo. Kaza za ndani zilizo chini yake, rudisha za nje na uzikaze, kisha hamia kwenye tatu zilizobaki. Nguvu inayotakiwa inapita futi-pauni 300 (kama Nm 400), kwa hiyo spana fupi haifai. Kagua tena baada ya kilomita 80 hadi 160 tangu gurudumu lilipofungwa. Usipake rangi wala grisi pale nati inapokalia rimu: rangi hupondeka, na nati hulegea yenyewe.

"Tairi zote zimeandikwa 9.00-20, basi zinalingana"

Namba ni moja, lakini mpya na iliyolika hazina kimo kimoja. Kwa tairi pacha za saizi hii, tofauti ya kipenyo isizidi nusu inchi (mm 13). Pima mzunguko kwa futi kamba zikiwa na upepo sawa: hapo tofauti isizidi inchi 1 na nusu. Kubwa hubeba mzigo wa mwenzake na kupata joto, ndogo huburuzwa. Ndogo ikae ndani, kwa sababu barabara imeinama kuelekea pembeni.

Mbele pia si pa kubahatisha. M35 nyingi za awali huunganisha ekseli ya mbele zenyewe pale magurudumu ya nyuma yanapozunguka haraka kuliko ya mbele. Ukiweka tairi mpya ndefu mbele na zilizokwisha nyuma, mbele huzunguka polepole. Tofauti ikizidi, gia inayounganisha ekseli ya mbele hudhani nyuma inateleza na kujifunga hata kwenye lami kavu.

"Rimu yoyote ya inchi 20 itaingia"

M35 ina matundu 6 ya bolti kwenye duara lenye kipenyo cha inchi 8.75. Rimu nyingi za malori ya kiraia zina 10 kwenye inchi 11.25. Na ukipandisha tairi za 11.00-20 zikiwa pacha kwenye rimu zilezile, zitagusana matumbo.

"Rimu ya ringi haina shida ukiwa mwangalifu"

Uangalifu hautoshi, fuata utaratibu. Ringi, yaani duara la chuma linaloshikilia tairi kwenye rimu, ikikaa vibaya huruka kama risasi na inaua. Toa kiini cha valvu na upitishe waya kwenye tundu kuhakikisha upepo umeisha. Kwenye tairi pacha toa upepo zote mbili kabla ya kugusa nati. Safisha kutu, kataa ringi iliyopinda au yenye ufa, na jaza upepo ndani ya kizimba cha chuma ukisimama mbali kwa mpira mrefu. Usigonge ringi kwa nyundo tairi ikiwa na upepo.

Kwenye magari mengi ya kijeshi ya Uingereza rimu ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati zilizopakwa rangi nyekundu. Hizo haziguswi kamwe upepo ukiwa ndani.

"Bampa ni nene, funga mnyororo popote"

Nguvu haiko kwenye bampa. Iko kwenye chasisi, ambako zile pete mbili nene za mbele zimeshikizwa. Vuta kwa zote mbili, mnyororo ukiwa umbo la V lenye mikono mirefu. Kuvuta kwa pete moja kwa mshazari hupinda chasisi. Pete ya kuchomelea kwenye bampa hung'oka na kuruka.

"Pini ya winchi inakatika kila mara, weka bolti ngumu"

Pini ile, inayounganisha winchi na shafti inayoizungusha, ni laini kwa makusudi. Winchi ya mbele huvuta pauni 10,000 kwenye safu ya kwanza tu ya kamba, na kila safu inayoongezeka juu ya ngoma hupunguza nguvu hiyo. Ukizidisha, pini inakatika na kazi inasimama salama. Weka bolti ngumu, na kitakachokatika ni gia ya winchi au kamba ya chuma yenyewe, ambayo hurudi ikichapa kila kilicho mbele yake. Pini ikikatika, achia kamba zaidi ili ubaki na safu chache kwenye ngoma, au tumia kapi kugawa mzigo. Beba pini za akiba za aina ileile kwenye sanduku la zana.