Hapana, Warumi hawakuwa na chumba cha kutapikia (na uongo mwingine kuhusu majengo yao)

Naanza na hii ya kutapika maana ndo inanikera kuliko zote. Eti matajiri wa Roma walikuwa na chumba kinaitwa vomitorium, mtu anakula mpaka tumbo linataka kupasuka, anaenda kutapika, anarudi mezani kuendelea. Hamna kitu kama hicho. Vomitorium ni zile njia za uwanjani zinazokutoa kwenye korido mpaka kwenye viti. Neno lenyewe kweli limetokana na kutapika, ila kinachotapika ni uwanja, unatapika watu. Colosseum, ule uwanja mkubwa wa Roma, ilikuwa na milango 80, na 76 kati yake ilichongwa namba juu ya tao, mpaka leo zilizobaki unazisoma kwa namba za Kirumi, 23 hadi 54. Sasa kumbuka siku ya Simba na Yanga pale kwa Mkapa, unatafuta geti lako, unapanda ngazi, ghafla huyo umetokezea kwenye viti. Mchezo ni uleule, una karibu miaka 2,000.

Ile ya kwamba upana wa reli, ile milimita 1,435 ya SGR yetu, umetoka kwenye magari ya farasi ya Kirumi, achana nayo. Umetoka kwenye njia za mabehewa ya makaa ya mawe huko kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Halafu kuna wanaosema Roma ilikuwa mji wa mfano, mitaa imenyooka kama daftari la hesabu. Roma yenyewe ilikuwa vurugu tu, vichochoro juu ya vichochoro. Mitaa ya kunyooka ilikuwa kwenye miji mipya waliyoianzisha kwenye makoloni, kama Timgad kule Algeria, mwaka 100. Na hata hiyo hawakuibuni wao, Mohenjo-daro, Pakistan ya leo, walishanyoosha mitaa zaidi ya miaka 2,000 kabla.

Sasa zege. Hapa mafundi wa mtandaoni ndo hawashikiki, eti zege la Kirumi lilikuwa na siri iliyopotea na sisi tunachanganya uji. Siri yenyewe inajulikana, ni chokaa na majivu ya volkano, mengine ya maeneo ya Pozzuoli huko Italia, na mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba vile vibonge vya chokaa vilivyobaki ndani, maji yakiingia kwenye ufa vinayeyuka na kuuziba tena. Kali sana hiyo, sikatai. Kuba la Pantheon, hekalu la Kirumi ambalo bado limesimama, lina upana wa mita 43 na halina nondo hata moja, chini waliweka mawe mazito, wakawa wanapunguza uzito kadri wanavyopanda, juu kabisa wakatumia yale mawe mepesi ya kusugulia visigino. Lakini angalia, bila nondo unabaki na matao na makuba tu, zege peke yake linabeba mgandamizo ila ukilivuta linakatika, boriti ndefu za maghorofa yetu usingezipata hivyo.

Na tatizo kubwa zaidi, tunahukumu kwa yaliyobaki. Yaliyoanguka hayapigwi picha! Watu wa kawaida Roma walipanga vyumba kwenye maghorofa ya kubanana yaliyokuwa yanaungua na kuporomoka, mpaka Kaisari Augustus akaweka kikomo cha urefu, futi 70 za Kirumi, kama mita 20 hivi. Mwaka 27 baada ya Kristo, pale Fidenae, mji jirani na Roma, jamaa mmoja anaitwa Atilius alijenga uwanja wa mbao kwa ajili ya maonyesho ya wapiganaji, hakuweka msingi kwenye ardhi ngumu, mbao hakuzifunga vizuri, alikuwa anatafuta hela tu, kwa kifupi alilipua kazi. Ukaanguka umejaa watu. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anataja 50,000 waliokufa na kuumia. Baada ya hapo baraza la seneti likapiga marufuku kujenga uwanja kwenye ardhi ambayo haijathibitishwa kuwa imara, na mtu mwenye mali chini ya sesterce (sarafu ya Kirumi) 400,000 asiandae tena maonyesho hayo. Atilius akafukuzwa nchini.