Bakteria mpya wa utumbo: kazi kubwa iko kwa jirani zake

Kinyesi kina haraka. Katika maabara yetu ya Tanga tunatafuta bakteria wapya wa utumbo, na mshiriki akituletea kikombe chake cha sampuli kutoka Chumbageni au Pongwe, hakikai mezani kikisubiri watu wamalize chai. Utumbo mpana hauna oksijeni, na wengi wa wakaazi wake hewa ya kawaida ni sumu kwao. Yupo Faecalibacterium prausnitzii, mwenyeji wa karibu kila tumbo lenye afya, ambaye dakika chache tu za hewa humtosha kufa. Kwa hiyo sampuli inafunguliwa ndani ya boksi lililojazwa naitrojeni, kabonidayoksaidi na haidrojeni kidogo, mikono ikiingia kwa glovu ndefu. Ile haidrojeni haikuwekwa kwa mapambo: ikikutana na oksijeni iliyojipenyeza juu ya chembe za paladiamu, metali inayochochea mmenyuko huo, hugeuka maji. Na maji hayo, yakichanganyika na unyevu wa pwani yetu, huilowesha paladiamu hadi ikachoka, nasi tunaitoa na kuikausha kwenye oveni. Wenzetu wa nchi kavu hawaijui sana adha hii.

Katika chakula cha kuoteshea tunatia rangi iitwayo resazurini. Ikiwa ya waridi, oksijeni imo. Ikififia kabisa, endelea na kazi. Mimi huiamini rangi hiyo kuliko namba za kwenye skrini.

Baadaye huja kutenga. Unachora mistari ya sampuli juu ya agari, jeli ya kuoteshea, unasubiri, unachukua koloni moja, yaani kidoa cha bakteria walioota pamoja, unachora tena. Wengine huota kwa siku mbili, wengine hutaka wiki kadhaa, na wapo wasioota kamwe bila mwenzao, kwa sababu wanakula mabaki ya mwenzao huyo. Koloni moja inayoonekana safi inaweza kuwa na wawili ndani yake, kwa hiyo hadubini haikai mbali.

Akishapatikana peke yake, hupitishwa kwenye mashine inayopima uzito wa protini na kulinganisha na kumbukumbu zake. Mashine ikisema haimjui, kijana mpya wa maabara huruka kwa furaha. Mimi humwambia atulie: mashine imesema tu kwamba hayumo kwenye daftari lake.

Hapo tunasoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo, yenye herufi za DNA kama 1,500. Ni jeni ileile iliyowawezesha Carl Woese na George Fox mwaka 1977 kuonyesha kwamba akea, vijidudu vilivyokuwa vikihesabiwa kuwa bakteria, ni tawi la peke yake la uhai. Ufanano na ndugu wa karibu ukishuka chini ya takriban asilimia 98.7, kuna dalili nzuri ya spishi mpya. Ukiwa juu ya hapo bado hujamaliza, maana spishi mbili tofauti zinaweza kuwa na 16S zinazokaribiana mno. Hakimu ni jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe: wastani wa ufanano wake na wa jirani ukiwa chini ya asilimia 95 au 96, tunazungumza habari ya spishi nyingine.

Ila tarakimu hazitoshi, na hapa ndipo ninapogombana na waandishi wenye haraka. Mgeni wa mtaa hutambulishwa kwa jirani zake. Inabidi uagize stren za kielelezo za spishi zilizo karibu, yaani koo za bakteria hai zilizobeba majina rasmi, uziweke katika chakula kilekile, joto lilelile, siku ileile, kisha uulize: nani anachachua sukari ipi? Nani anastahimili chumvi ya nyongo? Katika uchachuaji huo, nani anatoa asidi iitwayo butireti na nani asetati? Kunakili majibu ya jirani kutoka makala ya zamani, iliyotumia chakula kingine, naona ni uvivu.

Jina huja mwishoni, ingawa wageni huuliza hilo kwanza. Lazima lifuate sarufi ya Kilatini. Senegal imeshapata Alistipes senegalensis, na watu huniuliza lini tutapata wetu wa “tangensis”. Moyo wangu uko zaidi kwa majina kama Akkermansia muciniphila, la mwaka 2004: nusu ni heshima kwa mwanasayansi Antoon Akkermans, nusu inakwambia kwamba kiumbe huyu anapenda ute. Jina la mji lingedanganya, maana bakteria niliyemtoa Tanga huenda anaishi pia katika matumbo ya Peru.

Jina halitambuliwi rasmi mpaka stren iwekwe hai katika hifadhi mbili za umma, katika nchi mbili tofauti, ambako mtafiti yeyote anaweza kuiomba. Tangu 2022 kuna mfumo mwingine wa kutoa majina, SeqCode, unaokubali jenomu iwe kielelezo badala ya stren hai. Siupingi: katalogi moja kubwa ya mwaka 2020 ilihesabu spishi 4,644 za utumbo wa binadamu, na zaidi ya asilimia 70 hazikuwa na mwakilishi aliyeoteshwa. Lakini jenomu huwezi kuilisha ute wa utumbo uone kama inaupenda. Aliye hai kwenye friza anaweza kuulizwa maswali ambayo leo hatujayafikiria.

Sharti hilo la hifadhi mbili lina maana kwamba fomu ya ridhaa iseme wazi: kitakachooteshwa kutoka kwako kitavuka mipaka. Mzee mmoja wa Ngamiani aliisoma fomu hadi chini, akavua miwani.

“Mwanangu, hawa wadudu wangu watapanda ndege?”

“Ndiyo, mzee wangu. Mmoja mmoja, wakishapata kibali.”

“Na jina langu?”

Nikamweleza kwamba katika makala ataandikwa mtu mzima mwenye afya njema, mkaazi wa Tanga, basi. Akacheka, akasema mkewe angependa kuiona hiyo ya “afya njema” kwa maandishi, akaweka sahihi.