Kutafakari Neno ni nini hasa?

Katika ibada nyingi za Nairobi kuna dakika ambayo kiongozi husema, "Sasa tutafakari kidogo." Kinanda kinashushwa sauti, vichwa vinainama. Wapo wanaofumba macho, na wapo wanaoanza kuhesabu kodi ya nyumba na karo, nami ni mmoja wao. Nusu dakika haijaisha, kinanda kimepanda tena, basi tumeshatafakari. Tumelitumia neno hili hivyo mpaka limebaki ganda tupu: kunyamaza kidogo huku umekunja uso wa kicho.

Katika Biblia, kutafakari kuna sauti. Zaburi ya kwanza humtaja heri mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku." Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni haga, na msingi wake si kuwaza bali kutoa sauti ya chini: kunong'ona, kunguruma kooni. Isaya anatumia neno hilohilo kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake (Isaya 31:4), na mfalme Hezekia, akisimulia alivyougua, analitumia kwa mlio wa hua (38:14). Hua unamjua. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, yuko juu ya mti wa jirani na wimbo wake mmoja, anaurudia bila haraka wala aibu. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake. Kinywani, si akilini tu. Watu wa zamani walizoea kujisomea kwa sauti. Hata yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume 8, Filipo alijua anasoma Isaya kwa sababu alimsikia.

Kiswahili kina neno linalolikaribia jambo hili kuliko "kufikiri", nalo ni kucheua. Ng'ombe hula asubuhi, kisha hulala kivulini akirudisha kinywani alichokwisha kumeza, akakitafuna upya. Wamonaki wa kale walipenda mfano huo wa kutafuna. Mmoja wao, Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi huko Ufaransa katika karne ya 12, alieleza sala kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na mwisho kutulia tu mbele za Mungu. Kusoma, alisema, ni kama kutia chakula kinywani. Kutafakari ni kukitafuna. Kuomba ni kuipata ladha yake. Na kule kutulia ndio utamu wenyewe.

Angalia kutafakari kumekaa wapi: katikati, baina ya kusoma na kuomba. Hapo ndipo wengi wetu tunaruka. Tunasoma sura, tunafunga Biblia, kisha tunaanza maombi ambayo yangekuwa yaleyale hata kama tusingesoma neno. Orodha ya mahitaji iko tayari tangu jana. Sisemi orodha hiyo ni mbaya, maana Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya kila siku. Lakini mtu anayeomba kutoka kwenye orodha peke yake, mwaka baada ya mwaka, huwa anaongea yeye tu. Kutafakari ni kumpa mwenzako nafasi aanze mazungumzo, nawe umjibu kwa lile alilolisema.

Niliwahi kuingia mwaka mpya na mpango wa kumaliza Biblia yote: vitabu 66, sura 1,189, ambayo ni sura tatu au nne kila siku. Februari ilipoingia nilikuwa nimekwama kwenye Walawi 11, na ukiifungua utaona ni sura ya wanyama wanaocheua na wasiocheua. Mimi sikuwa nimecheua chochote. Nilikuwa nikiweka alama kwenye daftari.

Siku hizi huchukua kifungu kifupi, mistari mitano au kumi, nikakisoma nyumbani kwa sauti mara mbili, kisha nikabeba sentensi moja hadi kwenye matatu. Chukua habari ya Bartimayo katika Marko 10. Kipofu ameketi kando ya njia itokayo Yeriko akiomba. Umati unapita. Anapaza sauti, na wengi wanamkemea anyamaze. Hapo tu, ukiwa umekwama Thika Road, makanga akigonga bati na redio ikivuma, una la kutafuna. Ni nani hao waliomkemea? Si maadui wa Yesu. Ni wale waliokuwa wakitembea naye! Je, nimewahi kumnyamazisha mtu kwa sababu kilio chake kinaharibu mpangilio wa ibada yetu? Kisha Yesu anasimama na kuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Kwa mtu kipofu, swali hilo linaonekana halina haja, kila mtu anaona anachotaka. Lakini anauliza. Rudia swali hilo chini kwa chini, midomo ikisogea kidogo, kutoka Githurai hadi Pangani. Mara ya kwanza utajibu haraka: kazi, pesa, afya ya mama. Kufikia mara ya kumi, mara nyingi linatoka jibu ambalo hukulipanga, na hilo ndilo unaloanza kuliombea. Sala imezaliwa ndani ya Neno, na mpito wenyewe hukuuona.

Wengine huogopa neno kutafakari kwa kudhani ni kule kuondoa kila wazo kichwani mpaka pabaki peupe. Hii ni kinyume chake: kichwa kinajazwa sentensi moja. Wala si kujifunza Biblia kwa maana ya darasa, ingawa darasa linasaidia sana, kwa sababu anayecheua bila kujua alichokula anaweza kuugua. Umeona ubao wa nyuma wa matatu ulioandikwa "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ni Wafilipi 4:13. Ukiutafakari peke yake utaomba ushindi wa zabuni. Soma mstari ulioutangulia: Paulo, mfungwa, anazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Sala inayotoka hapo ni nyingine kabisa. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kufungua Biblia popote kidole kinapoangukia.

Kuhusu uchaguzi wa kifungu, Wakatoliki wana wepesi wao: masomo ya siku yako kwenye kalenda ya liturujia, kwa hiyo Injili inayosomwa Kariobangi asubuhi ndiyo inayosomwa Karen. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya ufunuo wa Mungu, ulisisitiza kwamba kusoma Maandiko kuambatane na sala, na jumuiya ndogo ndogo zimelibeba hilo hadi sebuleni: wanasoma Injili, wananyamaza, kila mmoja anataja neno lililomgusa. Waprotestanti wengi hufuata kitabu kimoja, sehemu kwa sehemu, katika wakati wa utulivu wa alfajiri. Ukipenda jioni, unaye Isaka, ambaye Mwanzo 24 inasema alitoka kutafakari kondeni wakati wa jioni.

Daftari? Ndiyo, lakini mistari miwili inatosha: sentensi uliyobeba, na sala iliyotoka. Zipo siku hakitoki kitu. Hapo huandika tarehe na kile kifungu tu, na kesho yake nikarudi palepale.

Bartimayo nimekaa naye wiki ya tatu sasa. Nimefika pale wanapomwambia, "Jipe moyo, inuka, anakuita," naye analitupa vazi lake kabla hajapona, akiwa bado haoni litaangukia wapi.