Picha na ramani za Barabara ya Alaska, 1942: namna ya kujua zinaonyesha wapi na lini

Barabara ya Alaska ilikatwa porini kati ya Machi na Oktoba 1942, kutoka Dawson Creek, jimbo la British Columbia nchini Kanada, kupitia eneo la Yukon, pia Kanada, hadi Delta Junction, Alaska. Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Desemba 1941, na Marekani ikataka njia ya nchi kavu ya kufika Alaska. Kazi hiyo iliacha picha na ramani nyingi, na sehemu kubwa inapatikana mtandaoni bila malipo kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya nchi hiyo. Kuzipata ni rahisi. Ugumu huanza unapotaka kuiweka picha mahali pake.

Mtego wa kwanza ni maili. Maelezo ya picha mara nyingi hutaja umbali kutoka Dawson Creek. Delta Junction ilihesabiwa kuwa maili 1,422, lakini baada ya kona nyingi kunyooshwa, barabara ya leo hadi hapo ni takriban maili 1,387. Mji wa Whitehorse ungali unaitwa maili 918. Ukipima maili 918 juu ya ramani ya kompyuta ya leo, utakuwa umeshaupita mji. Usitumie sahihisho moja kwa barabara nzima, kwa sababu tofauti huongezeka kadiri kona zilizoondolewa zinavyozidi. Tafuta kwenye ramani ya zamani alama mbili zisizohama, kwa mfano mdomo wa mto na ncha ya ziwa, zilizo pande mbili za mahali unapopatafuta, kisha, kwenye ramani ya leo, gawanya umbali uliopo katikati yake kwa uwiano uleule.

Soma pia pembezoni mwa ramani kabla ya kuiamini. Ufunguo na tarehe ya masahihisho vitakuambia kama mstari unaouona ni barabara iliyojengwa au njia iliyopendekezwa tu. Ramani za miezi ya mwanzo zina mistari ya aina zote mbili. Kama ni mchoro uliochorwa kwa dira, kumbuka kwamba enzi hizo dira huko Yukon ilipotoka karibu nyuzi 30 kuelekea mashariki. Mchoro usiosahihishwa hukaa upande, na utaligundua hilo ukiulinganisha na umbo la Ziwa Kluane la huko Yukon.

Kwa tarehe, shahidi mzuri kuliko wote ni kivuli. Whitehorse iko karibu nyuzi 61 kaskazini mwa ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni jua hufika nyuzi 53 tu juu ya upeo. Tarehe 21 Desemba halizidi nyuzi 6. Mtu mwenye urefu wa mita 1.8 akisimama tambarare, kivuli chake cha adhuhuri ni karibu mita 1.4 mwezi Juni, na zaidi ya mita 17 mwezi Desemba. Kwa hiyo picha ya eneo hilo yenye kivuli kifupi kuliko mtu mwenyewe ilipigwa kati ya mwanzo wa Mei na mwanzo wa Agosti, si wakati mwingine. Maelezo yakisema Oktoba, huenda hiyo ni tarehe ya kusafisha au kusambaza picha. Kivuli kirefu hakithibitishi chochote, maana asubuhi na jioni vivuli hurefuka hata kiangazi.

Itazame ardhi pia. Karibu na mpaka wa Yukon na Alaska, udongo wa chini umeganda mwaka mzima. Matingatinga yalipoondoa kuvumwani (mimea midogo laini inayotanda juu ya ardhi) na mizizi ya juu, jua liliuyeyusha na njia ikageuka tope lililomeza malori. Baadaye mafundi waliliacha tabaka hilo la juu, wakalaza magogo kukatiza njia na kumwaga udongo juu yake. Ukiona magogo yamelazwa juu ya kuvumwani isiyoguswa, hapo somo lilikuwa limeshaeleweka.

Zaidi ya wanajeshi 10,000 walijenga barabara hii, na takriban theluthi moja walikuwa askari weusi wa regimenti za 93, 95 na 97 za wahandisi na vikosi vingine. Walipokutana wajenzi wa pande mbili karibu na Beaver Creek, Yukon, tarehe 25 Oktoba 1942, Refines Sims wa regimenti ya 97 na Alfred Jalufka wa ya 18 walipigwa picha wakishikana mikono. Askari hawa wanastahili kutafutwa, kwani maelezo mengi hayawataji. Tafuta kwa namba ya regimenti, kisha kuza picha usome maandishi kwenye bampa za magari.

Ukiwa na nakala halisi mkononi, skani mbele na nyuma kwa pikseli 600 kwa inchi, uhifadhi kwa TIFF, muundo wa faili usiopunguza ubora wa picha. Maelezo ya zamani yaandike neno kwa neno hata kama yana makosa. Sahihisho liwe na sehemu yake. Negativu (filamu za awali za picha) zenye neno "Nitrate" ukingoni zitenge mara moja kwenye baridi, kwa kuwa hushika moto kirahisi. Ramani za buluu, yaani nakala zenye mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu, zisikae kwenye mwanga wala ndani ya bahasha za karatasi iliyotiwa alkali: mwanga huzififisha, na alkali huila rangi yake.